Makovník, rožky au štrúdľa: uanze na upi kati ya mikate ya popi ya Slovakia?

Mtu akikuambia anaoka mkate wa Kislovakia wa popi (mbegu ndogo za mmea wa afyuni), bado hujajua anaoka nini. Huenda ni makovník, mkate mrefu wa hamira unaojazwa na kukunjwa, ambao ukiukata unaona mviringo mweusi ukizunguka ndani ya unga mweupe. Huenda ni bratislavské rožky, vikate vidogo vilivyopinda, vya kushika mkononi. Au ni maková štrúdľa, ya unga uliovutwa mpaka mwanga ukapenya. Ndani, zote tatu zina popi, sukari na ganda la limau. Zote huokwa Slovakia kuelekea Krismasi, na makovník hurudi tena mezani wakati wa Pasaka. Kinachozitenganisha ni unga, na unga ndio utakaoamua siku yako ya kuoka itakwendaje.

Tunazipima kwa nini

Kila aina nitaipima kwa mambo matano yaleyale: unga wake ukoje, kijazo chake kinataka nini, mikono na muda kiasi gani, inakaa siku ngapi, na inamfaa nani. Wengi huanza na la tatu, yaani ugumu wa kazi. Mimi ningekushauri uanze na la nne. Kati ya hizi tatu, moja huwa tamu zaidi siku ya pili, nyingine huvumilia wiki nzima kwenye kopo, na nyingine ikilala tu imekwisha. Ukishajua italiwa lini na nani, umeshapata nusu ya jibu.

Vipimo nitakavyotoa ni vya kawaida vya nyumbani. Kila nyumba ya Slovakia ina vyake, na haikubali vya jirani.

Kabla ya unga, popi yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu popi mbovu huharibu aina zote tatu sawasawa.

Waslovakia hutumia mbegu za rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu. Maduka ya viungo ya Wahindi huuza zilizo nyeupe kwa jina la khaskhas. Nyeupe inafaa kuliwa, ila ladha yake ni ya upole na kijazo hutoka na rangi ya krimu. Ukitaka weusi ule na ladha yenye uzito, tafuta ya buluu.

Lazima isagwe. Mbegu nzima ukiichemsha na maziwa itabaki changarawe mdomoni, na maziwa yatachuruzika pembeni badala ya kushikwa. Slovakia wana kinu kidogo cha kuzungusha kwa mkono, mlynček na mak, kinachobanwa kwenye ukingo wa meza. Kinaponda mbegu badala ya kuikata, na popi hutoka laini, yenye unyevu wa mafuta. Kama huna, mashine ndogo ya kusagia kahawa iliyosafishwa vizuri inatosha: weka vijiko viwili vitatu kwa mara moja, zungusha sekunde chache, pumzisha, rudia, isipate moto. Blenda kubwa nakusihi uiache, kwani mbegu zitakimbizana humo ndani bila kusagika. Kipimo ni vidole. Bana popi kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada: ikishikamana na kuacha doa la mafuta, iko tayari; ukisikia vipunje vikiteleza, irudishe.

Karibu nusu ya uzito wa mbegu hizi ni mafuta, kwa hiyo iliyosagwa huchacha upesi. Saga siku ileile ya kuoka, na mbegu nzima iliyobaki iweke friza. Kabla ya kununua nyingi, tafuna chache. Zikiacha uchungu unaokwaruza koo, zimechacha, na hakuna sukari itakayoficha hilo.

Kisha kuna jambo la sheria, ambalo kwa wasomaji wa Ghuba si dogo. Mmea wake, Papaver somniferum, ndio huohuo unaotoa afyuni. Mbegu za kuokea ni bidhaa halali madukani Ulaya na Marekani. Umoja wa Ulaya umeziwekea kikomo cha miligramu 20 za mofini kwa kilo tangu Julai 2022. Falme za Kiarabu na Saudi Arabia haziruhusu mbegu hizi kabisa, kwa hiyo usisafiri nazo kwenda huko, hata zikiwa ndani ya mkate uliokwisha kuokwa. Ukiwa Oman au popote pengine usipo na hakika napo, uliza forodha kwanza. Na popote ulipo, kama kazini au kwenye michezo mnapimwa mkojo kutafuta dawa za kulevya, achana na popi siku kadhaa kabla ya kipimo: vipande vichache vya makovník vinaweza kutoa majibu utakayopata taabu kuyaeleza. Mbegu zisizooshwa zinazouzwa mtandaoni kwa ajili ya chai si za kuokea, usizinunue.

Aliyezuiwa na sheria hajanyimwa mkate. Waslovakia wenyewe huoka ndugu yake, orechovník, kwa unga uleule na kijazo cha jozi (kokwa za walnut) zilizosagwa. Rožky nazo zina aina ya jozi. Yote nitakayosema kuhusu unga yanabaki palepale.

Makovník

*Unga.* Ni wa hamira, wenye maziwa, siagi na viini vya mayai. Aliyezoea kukanda maandazi, mikono yake inaujua tayari. Kwa mikate miwili: gramu 500 za unga wa ngano, mililita 220 za maziwa ya vuguvugu, gramu 7 za hamira kavu, gramu 80 za sukari, gramu 100 za siagi, viini viwili, chumvi kidogo. Kanda dakika kumi hivi, mpaka unga uache bakuli likiwa safi, funika, uumuke hadi ujae mara mbili.

*Kijazo.* Chemsha mililita 200 za maziwa na gramu 150 za sukari, mwaga humo gramu 300 za popi iliyosagwa, koroga juu ya moto mdogo dakika mbili tatu. Epua, tia ganda la limau lililokwaruzwa na zabibu kavu. Baadhi ya nyumba huloweka zabibu kwenye ramu. Maji ya moto au juisi ya tufaha hufanya kazi hiyohiyo. Kijazo kipoe kabisa, kwani kikiwa na joto kitayeyusha siagi ya unga na mkate utalegea kabla haujafika ovenini. Kuhusu uzito wake, ukiinua kijiko kianguke donge zima. Kikichuruzika, ongeza chenga za mkate mkavu.

*Mikono na muda.* Tenga saa tatu hadi nne, lakini nyingi ni za kungoja. Kazi yenyewe ni nyepesi. Shida ya makovník ni moja, nayo ni kupasuka ubavuni, kijazo kikachungulia nje. Sababu zake zinajulikana. Ukikunja kwa kukaza, unga hauna nafasi ya kuumuka, utaitafuta kwa nguvu. Ukikatisha mwumuko wa pili, utaumukia ovenini, ambako ngozi ya juu imeshakauka. Na mvuke wa kijazo usipopata pa kutokea utajitobolea wenyewe. Kwa hiyo sukuma kila donge liwe na unene wa nusu sentimita hivi, paka ute wa yai (huu huzuia lile pengo linalojitokeza kati ya unga na popi), tandaza kijazo ukiacha ukingo wa sentimita mbili, kunja bila kuvuta, uweke mkate mshono ukiwa chini. Upumzike nusu saa. Halafu chukua kijiti chembamba, utoboe kutoka juu hadi uguse treya, kila baada ya vidole vitatu, kuanzia mwisho mmoja hadi wa pili. Paka yai, oka kwa nyuzi 180 dakika 35 hivi. Wenye treya za mkate nyembamba huiweka humo ili kuta ziishike. Hata ukifanya yote hayo, mmoja kati ya miwili unaweza kupasuka kidogo. Unalika vilevile.

*Ukaaji.* Usiukate ukiwa moto, utapondeka. Siku ya pili unyevu wa popi umeshaingia kwenye unga, nao huwa mtamu kuliko siku ulipookwa. Ukifungwa vizuri hukaa siku nne tano, na kwenye friza miezi miwili mitatu. Pengine ndiyo maana wahamiaji wa Kislovakia waliushikilia hata ng'ambo: huko Pennsylvania na Ohio, akina mama wa makanisa yao huoka kwa mamia kabla ya Krismasi na Pasaka na kuuza kuchangia kanisa. Ukiishi karibu, nunua mmoja kwanza uujue ladha kabla hujajisumbua na kinu.

*Unamfaa nani.* Anayeanza, mwenye wageni wengi, anayetaka kuoka leo na kula kesho.

Bratislavské rožky

Bratislava kwa Kijerumani uliitwa Pressburg na kwa Kihungari Pozsony, na vikate hivi vimebeba majina yote matatu. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya uliviorodhesha kama chakula cha asili kilichohakikishwa. Kuna desturi ya umbo: cha popi hupindwa kama kiatu cha farasi, cha jozi kama herufi C, na mlaji anajua kilicho ndani kabla ya kung'ata.

*Unga.* Una siagi nyingi: gramu 200 kwa gramu 500 za unga, pamoja na gramu 60 za sukari, viini viwili, mililita 120 za maziwa, gramu 4 za hamira na chumvi. Hamira hapa haiumui sana, inalegeza tu. Unga ni mgumu kidogo, haushiki mikono, na hukaa kwenye jokofu saa moja au zaidi kabla ya kufanyiwa kazi. Mapishi mengine ya nyumbani huweka mafuta ya nguruwe. Asiyeyala aweke siagi tupu, hapungukiwi kitu.

*Kijazo.* Gramu 300 za popi na 150 za sukari kama kile cha makovník, lakini maziwa yapungue hadi mililita 120. Kiwe kikavu kiasi cha kuviringishwa kwa viganja kikawa kijiti, maana ndivyo kinavyowekwa. Ukubwa wake ni mkubwa kuliko mgeni anavyotarajia: kikate cha gramu 30 za unga hubeba gramu 20 za popi.

*Mikono na muda.* Utapata vikate 30 hivi, na kila kimoja kinapita mkononi mwako mara tano au sita: kupima, kusukuma kiwe duara la yai, kuweka kijiti cha kijazo, kufunga, kuviringisha ncha ziwe nyembamba, kupinda. Si kazi ngumu, ni ndefu. Wawili wakikaa mezani inakwenda na mazungumzo. Peke yako, utachoka mgongo.

Halafu linakuja lile pambo lake. Rožok halisi, yaani kimoja cha rožky, ana juu yake ngozi ya hudhurungi yenye mistari hafifu iliyotawanyika ovyo, na mistari hiyo haichorwi na mtu. Paka kiini cha yai juu ya vikate, viache mahali pakavu na baridi mpaka rangi ikauke kabisa, ukigusa usione unyevu. Paka tena, safari hii yai zima lililopigwa, uache likauke pia. Ndani ya oveni kikate hufutuka kidogo, lile tabaka kavu halinyooki, linapasuka nyufa ndogondogo, na unga uliojitokeza kwenye nyufa unabaki mweupe kuliko pembeni. Aliyeharakisha ukaushaji hupata vikate vya rangi moja, vinavyong'aa, visivyo na hata ufa. Oka kwa nyuzi 200, dakika 15 hadi 18.

*Ukaaji.* Hapa ndipo vinapozishinda nyingine. Kwenye kopo linalofungwa hukaa wiki moja na zaidi, kwa sababu siagi ni nyingi na unyevu ni kidogo. Vinasafiri bila kuvunjika, na havihitaji kisu wala sahani.

*Vinamfaa nani.* Anayependa kazi ya vidole, mwenye zawadi za kugawa, au mwenye watoto wanaotaka kushiriki. Kwa mwenye haraka, hapana.

Maková štrúdľa

*Unga.* Hauna hamira, hauna sukari, na kwa gharama ndio rahisi kuliko yote: gramu 300 za unga wa ngano wenye nguvu (ule wa mikate ni bora), mililita 150 za maji ya vuguvugu, vijiko viwili vya mafuta, kijiko cha chai cha siki, chumvi. Kanda kwa bidii mpaka uwe laini na unyumbuke, upake mafuta, ufunike kwa bakuli lililopashwa moto, uache nusu saa au zaidi. Usipopumzika hautavutika, utakurudia kila ukiuachilia.

*Kijazo.* Kinanyunyizwa kikavu, hakipikwi. Unga uliovutwa hauwezi kubeba uji wa popi. Changanya gramu 200 za popi iliyosagwa na gramu 120 za sukari na ganda la limau, kisha ongeza tunda la kuleta unyevu. Desturi inayopendwa ni cheri chachu zilizochujwa maji, na nyingine ni boga lililokwaruzwa na kukamuliwa. Popi na boga ni ndoa ambayo mgeni huitilia shaka mpaka aonje. Kwa aliye Afrika Mashariki hiyo ndiyo njia nyepesi, maana boga halimpi mtu taabu kulipata na cheri chachu ni za kuwinda.

*Mikono na muda.* Saa moja na nusu inatosha kumaliza kila kitu, na hii ndiyo fupi kuliko zote. Ila robo saa ya katikati inataka moyo. Tandika kitambaa safi mezani, nyunyiza unga, sukuma donge kwa mti wa chapati mpaka litakapofika, kisha weka mti kando. Vua pete. Ingiza mikono chini ya unga, ngumi zikiwa zimefumbwa na migongo ya mikono juu, uvute polepole kutoka katikati kwenda nje ukizunguka meza. Ukianza kuona maua ya kitambaa kupitia unga, umefika. Tundu dogo halina neno, litafichwa na mkunjo. Kingo nene zikate. Nyunyiza siagi iliyoyeyushwa, chenga za mkate, popi, boga. Kisha inua kitambaa upande mmoja, mkunjo utajiviringisha wenyewe. Paka siagi, nyuzi 190, dakika 35 hadi 40.

Wapo wanaonunua karatasi za filo (unga uliokwisha kusukumwa mwembamba kama karatasi) au unga wa tabaka uliogandishwa. Waslovakia wenyewe hufanya hivyo siku za kazi, sioni aibu. Ngozi itakatika zaidi na haitakuwa na ule ulaini wa ndani, lakini siku ya juma ni siku ya juma.

*Ukaaji.* Kula siku hiyohiyo, ikiwa na joto kidogo. Kesho yake ngozi imelainika. Unaweza kuipasha ovenini dakika kumi. Kwenye maikrowevu itageuka ya kutafuna.

*Inamfaa nani.* Mwenye meza kubwa, asiye na hamira au muda wa kungoja, na walaji waliokwisha kukaa mezani.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kuoka kitu cha hamira chenye kijazo, anza na makovník, uoke usiku wa kuamkia siku ya wageni. Makosa mengi ndani yake yanaonekana kwa macho tu, hayafiki mdomoni.

Kama unatuma kwa posta au unabeba safarini (mbali na nchi nilizozitaja), chukua rožky. Makovník mzima unasafiri pia, lakini ukishakatwa kingo hukauka.

Kama wageni watatu wanne wanakuja jioni na sasa ni saa tisa alasiri, štrúdľa, hata ya karatasi za dukani.

Kama oveni yako ni ndogo ya mezani, rožky zitaingia kwa mafungu, vikate sita saba kwa mara moja, huku zilizobaki zikiendelea kukauka nje bila hasara. Makovník itabidi uufanye mfupi, mikate mitatu badala ya miwili, na uangalie upande ulio karibu na waya wa moto usiungue.

Kama popi ni ghali ulipo na umepata mkebe mmoja tu, štrúdľa ya boga ndiyo inayoifikisha mbali. Rožky ndizo zinazoila.

Na kama hakuna hata moja uliyoiona ni ya kwako, Waslovakia wana njia nyingine wanayoila jioni ya tarehe 24 Desemba: bobáľky, ambazo sehemu nyingine za nchi huitwa opekance. Unga wa hamira usio na mbwembwe hukatwa vidonge vidogo na kuokwa vikiwa vimegusana. Vikipoa huachanishwa, humwagiwa maji ya moto au maziwa kidogo vilainike, halafu hugeuzwageuzwa kwenye siagi, asali na popi iliyosagwa. Hakuna cha kukunja wala cha kupasuka. Utahitaji bakuli moja na kijiko.